Mtani Wangu wa Meza ya Dirishani

Mtani wangu,

Sikuulizi hali. Ulipokuwa hai nilikuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi ulinijibu kwamba hali yako ilikuwa njema mpaka nilipotokea mlangoni. Basi leo acha nipite moja kwa moja. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu wewe hukuwahi kusomewa barua chemba. Barua zako zote zilisomwa mgahawani kwa sauti, watu wakachangia maneno, hata ile ya shemeji yako wa Maneromango iliyokuwa imejaa matusi matupu. Na hii isomwe vivyo hivyo. Aibu iliyomo ni yangu, nami nimekwisha kuizoea.

Kwa wasiotujua, wewe ulikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Babu zangu walishuka Pwani na mizigo kichwani, babu zako wakawapokea kwa kuwacheka, wakachekwa nao, na tangu hapo makabila yetu ni watani. Mtani hakasiriki. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani akaenda nayo, anaweza kukwambia mbele ya wakwe zako kwamba huogi, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna watakushangaa wewe, si yeye. Na siku akifiwa au akifa, wewe ndiye utakayewachekesha wafiwa, maana hakuna mwingine mwenye ruhusa. Ndiyo sheria tuliyoikuta, nasi tuliishika sana. Siku hizi nafikiri tuliishika kupita kiasi.

Unakumbuka nilivyofika? Vita vya Pili vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na Temeke bado ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Nilikuwa nimeacha duka la saa la Mhindi mjini, nilikoanza kwa kufagia na kuishia kwa kufungua saa za watu. Siku moja nilijiona nimekuwa fundi, nikamuaga tajiri wangu kwa heshima zote, nikatoka na kisanduku changu cha vifaa nikisema sasa najitegemea. Neno hilo nililipenda mno. Nilikuwa na bisibisi ndogo, vibano, kioo cha kubana jichoni na kopo la mafuta. Duka sikuwa nalo. Chumba nilichopanga na mke wangu Yudita kilikuwa na kidirisha cha kupitisha paka, na saa haitengenezwi gizani.

Nikaingia kwako kunywa kahawa. Mgahawa wako ulikuwa wa udongo na bati, na kiambaza cha mashariki kilikuwa na dirisha pana kuliko yote niliyoyaona Temeke, kwa kuwa, kama ulivyonieleza baadaye, fundi aliyejenga alikosea kipimo nawe hukuwa na nguvu za kugombana naye. Chini yake palikuwa na meza ndogo isiyopendwa na mtu kwa sababu ya jua. Nilikuomba niketi pale kwa kazi zangu. Uliniuliza kabila langu, nikakwambia. Ukaweka chini dele la kahawa, ukawageukia wazee waliokuwa wakicheza bao, ukawaambia kwamba Mnyamwezi ametembea na mzigo toka Tabora, hakupata pa kuutua, sasa anataka kuutua mezani pako. Wakacheka. Nami nikasema mzigo wenyewe umejaa akili, nimewaletea Wazaramo kwa kuwa nimesikia wamepungukiwa. Ukanivutia kiti.

Hivyo ndivyo nilivyopata ofisi. Sikuwahi kukuandikia wala kukuahidi chochote. Nilinywa kahawa yako, nikaishughulikia saa yako ya ukutani iliyopenda kulala mchana, na wewe ukanitukana kwa mapenzi toka asubuhi mpaka alasiri. Ndiyo kodi yangu.

Lakini acha niseme kweli ambayo sikukwambia. Kila siku, kabla sijaingia, nilisimama kidogo nje nikijipanga uso. Mwenye duka hufungua mlango wake, akachelewa, akafunga, hana wa kumwuliza. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke, naingia mahali pa mtu, natandaza kitambaa changu juu ya meza ya mtu, naegemea ukuta wa mtu. Kahawa niliagiza kikombe kimoja na kukichunga, nakinywa kwa ncha ya ulimi, mpaka kikapoa kikafanya utando. Wewe ulikuwa ukipita na dele mkononi, unagonganisha vikombe, unanitazama.

"Mnyamwezi, kahawa hiyo unainywa au unaifuga?"

Watu walicheka na mimi nilicheka. Ndani nilitamani sakafu ipasuke. Nilijua unatania, na nilijua pia kwamba ni kweli nilikuwa nikiifuga.

Na siku ile alipokuja binamu yangu, karani wa reli, na soksi zake ndefu na kalamu mfukoni. Kwetu Tabora walikuwa wamesikia kwamba nimefungua kazi yangu mwenyewe Darisalama, na yeye ametumwa aje aione. Aliingia, akatazama wazee wa bao, akatazama kashata kwenye sinia, akaniuliza ofisi iko wapi. Nilikuwa na kioo jichoni na sikukitoa, nikawa namtazama kwa jicho moja kama kasuku. Wewe ukaja na kitambaa begani, ukamwamkia kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwako, ukamwambia ofisi ndiyo hii, na wewe ni karani wa Bwana Fundi, kama ana shida aketi pale kwenye benchi asubiri zamu yake. Binamu yangu akaketi akasubiri kweli. Alipoondoka ulisema unanidai mshahara wa ukarani. Sikukushukuru. Nilikujibu kwamba karani asiyejua kusoma hadai mshahara. Ndivyo tulivyokuwa.

Kisha ukaja ule mwezi wa Ramadhani. Mimi ni Mkristo, sikuwa nimefikiria hata kidogo. Asubuhi ya kwanza ya mfungo nilikuta mlango wako umefungwa, benchi limeegeshwa ukutani, na wewe umelala ndani, unafungua magharibi. Nilisimama pale na kisanduku changu kama mgeni aliyekosea siku ya arusi. Magharibi hakuna jua, na bila jua meza yangu haina maana. Mwezi mzima nilikaa nje ya mlango wako juu ya benchi, vumbi la barabara likiingia ndani ya saa za watu. Wateja walipita, wakaona mgahawa umefungwa, wakadhani na mimi nimefunga. Mwezi ulipoandama, ukafungua, nikatandaza kitambaa changu dirishani, nikangoja. Hawakurudi. Wengine walikwisha kupeleka saa zao Kariakoo, kwa fundi mwenye kabati la kioo na jina mlangoni. Wengine walisahau tu. Mtu akisahau njia kwa mwezi mmoja anaizoea nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuigiza kazi. Nilikuwa na saa yangu ya mfukoni, nzima kabisa, niliyojinunulia nilipokuwa kwa Mhindi. Niliileta, nikaifungua, nikatoa kamani inayoiendesha, nikaisafisha, nikairudisha, nikaifunga. Kesho yake nikaifungua tena. Nilikuwa nainamia saa nzima kama daktari anayempasua mtu asiyeumwa, ili yeyote anayepita dirishani aone fundi ana kazi, na zaidi ili wewe usione kwamba nakalia meza yako bure. Nyumbani Yudita alinifungia mihogo kwenye kitambaa, akaniambia usichoke sana. Naye alijua naenda kazini. Jioni aliniuliza leo ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa nyingi. Tulikula mchicha na mihogo, naye hakuuliza kazi hiyo nyingi inakwenda wapi. Nilitamani angeuliza.

Wewe uliiona ile saa. Ulisema, "Hiyo saa yako ina mimba gani isiyozaliwa?" Wazee walicheka mpaka kete za bao zikamwagika.

Na siku moja nikashindwa. Ilikuwa asubuhi, mgahawa umejaa. Yudita alikuwa ameniambia nguvu zimemwishia, na kwamba kama mji umetukataa anapendelea tuseme wazi turudi kwetu. Nilikuja moja kwa moja, sikuketi. Nilikufuata pale jikoni ulipokuwa unachochea makaa, nikakwambia, na nilijua kila neno nililolisema kwa kuwa nilikuwa nimelikariri njiani:

"Mtani, sina kazi. Hii saa ninayoifungua kila siku ni yangu mwenyewe. Nisaidie, waambie watu waniletee kazi, nyumbani tunalala na njaa."

Ulinitazama. Niliona uso wako ukitafuta kitu, kwa nukta moja tu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Halafu ukaupata ule mlango uliouzoea. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulitoka jikoni ukawatangazia wote kwamba sasa mmesikia, Mnyamwezi anajitengenezea saa yake mwenyewe, anajiandika kazi mwenyewe, anajilipa mwenyewe, na bado ana njaa. Mgahawa mzima ulilipuka. Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Ni utani bora kuliko wote niliowahi kuusema, na sikuwa natania.

Sikukulaumu, na leo pia sikulaumu. Ungejuaje? Miaka yote hatukuwa tumesemezana neno moja la kweli. Kama ningekwambia mama yangu amekufa ungeniuliza kafa na nani. Ninalolionea aibu si kicheko chako, ni changu. Kwa sababu nilicheka. Nilisimama katikati ya watu, nimekwisha kuvua nguo zangu zote mbele yao, nikajipiga paja, nikacheka kuliko ninyi nyote. Nikasema na bado mwenye saa ananidai. Kisha nikachukua kisanduku changu, nikatoka nikisema nakwenda kwa mteja. Sikurudi.

Nilikwenda Kinondoni. Nilitaka mahali nisipojulikana, nikapata mgahawa mwingine wenye baraza mbele, mwenyewe mtu wa Pangani, mpole, mtaratibu. Kabila langu na lake hayana utani. Aliniita Bwana Fundi. Aliniletea kahawa kwa mikono miwili, hakuniuliza naifuga au nainywa. Nilipokaa muda mrefu alipitisha kitambaa kwenye meza kwa upole, akasema samahani, nikafahamu kwamba napaswa kuagiza kikombe kingine au kusogea. Hakuna aliyenitukana. Mchana kutwa nilisikia samahani na tafadhali, na nilipata saa chache za kutengeneza, si za kutosha. Nilikuwa mtu wa heshima na nilikuwa mpweke, na jioni nilitembea toka Kinondoni mpaka Temeke, nikazunguka kwanza, ili Yudita aone narudi kutoka upande ule ule niliokwenda asubuhi.

Sikujua kwamba uliniulizia. Yudita alinieleza usiku niliporudi. Ulipiga hodi, ukamwamkia, ukamwuliza mtani wako anaumwa nini. Naye akashangaa, akasema haumwi, yuko kazini. Wewe ukauliza, "Kazini wapi?" Akasema, "Kwako." Yudita anasema ulijipiga kipaji cha uso, ukasema aa, uzee huo, wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma Kinondoni kwa kazi ya saa za Wazungu, umesahau. Ukamwachia mkungu wa ndizi uliokuwa umeubeba, ukamwambia mumewe aliuacha mgahawani. Alikuwa akinisimulia hayo kwa kicheko, kwamba mtani wangu mzee amesahau alikonituma. Mimi niligeuza uso ukutani. Ulikuwa umefahamu kila kitu ukiwa umesimama kizingitini mwangu, na jambo la kwanza ulilofanya ni kunifichia aibu kwa mke wangu.

Kesho yake ulitokea Kinondoni; dereva mmoja wa lori alikuwa amekwambia ameniona huko, nawe hukuamini mpaka ulipomsikia Yudita. Umefunga mgahawa wako katikati ya siku ya kazi, umevaa kanzu yako ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Jasho linakutiririka. Yule mtu wa Pangani akakukaribisha, ukamwamkia vizuri, ukamwambia kwamba Mnyamwezi huyu ni wako, amepotea njia, umekuja kumchukua. Nilikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yangu. Uliniacha niifunge, ukangoja umesimama. Nilipomaliza ukafunga kisanduku changu, ukakikunjia kata ya kitambaa, ukakiweka kichwani pako, ukatoka.

Mtani ana haki ya kuchukua. Sikuwa na la kufanya ila kukufuata.

Tulitembea toka Kinondoni hadi Temeke, wewe mbele na mzigo kichwani, mimi nyuma mikono mitupu. Ulikuwa unanizidi umri, mvi zimekwisha kukujaa. Magomeni watu walisimama kututazama. Wewe uliwatangazia kwa sauti kwamba mambo yamegeuka, tazameni, leo Mzaramo ndiye mpagazi, Mnyamwezi ndiye bwana wa safari. Watu walicheka, nami nikatembea nimeinamisha kichwa nikitazama visigino vyako vilivyopasuka vikipanda na kushuka kwenye mchanga. Nilikuomba unipe kisanduku. Ulisema huchukui ushauri kutoka kwa mali yako.

Tukashuka bonde la Msimbazi. Pale Jangwani hapakuwa na mtu, ila wanawake wachache mbali wakipalilia mpunga. Ulisimama. Ukatua kisanduku, ukajifuta uso, ukanitazama kwa namna ambayo sikuijua. Hukuwa na mzaha usoni hata chembe, nami niliogopa.

"Siku ile," ukasema, "kule jikoni. Ulikuwa hutanii, sivyo?"

Ni wewe uliyeniuliza. Wewe, uliyeacha kazi yako ukaja kwa miguu kuniuliza. Ulinifungulia mlango ambao mtani hamfungulii mtani mwenziwe, ukasimama kando nipite. Ningesema ndiyo, basi. Neno moja. Ningekwambia sikuwa natania, na ulipocheka niliumia, na nashukuru kwa ndizi, na nashukuru kwa uliyomwambia mke wangu, na nashukuru kwa shingo yako iliyobeba vitu vyangu. Lakini aibu ilinishinda. Niliona nikisema ndiyo utanihurumia, na ukinihurumia sitakuwa mtani wako tena, nitakuwa maskini wako. Nikapanua meno.

"Utani tu, mtani," nikakwambia. "Umeshindwa kuutambua? Umezeeka."

Ulinitazama tena kidogo. Kisha ukasema basi vizuri, ukainama ukakipandisha kisanduku kichwani, ukaanza kuupanda mlima upande wa pili. Hukuniuliza tena mpaka unakufa.

Yaliyofuata Temeke nzima inayajua. Ulitangaza kwamba katika mgahawa wako hutamimina kahawa kwa mtu yeyote mwenye saa inayokwenda vizuri. Ulizishika saa za watu mikononi mwao, ukaziweka sikioni, ukasema hii inakohoa, mpelekee Mnyamwezi kwanza, halafu urudi unywe. Madereva wa malori walikutukana, wazee wasiokuwa na saa walijisifu kwamba wao peke yao ndio wanaokunywa kwa amani. Watu walileta saa za baba zao zilizokuwa zimekufa tangu zama za Mjerumani. Kazi ikaja mpaka nikawa nashindwa. Yudita akapata nguo, mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, nikachora jina langu kwenye kibao kidogo nikakitundika juu ya dirisha lako, nawe ukasema kibao kimeandikwa mwizi wa kahawa, na kwa kuwa hukujua kusoma nilikuapia kwamba ndivyo kilivyoandikwa.

Tukaendelea na utani wetu. Miaka ikapita mingi. Mara nyingi, mvua ikinyesha na mgahawa ukiwa mtupu, tulikuwa tumebaki wawili tu, wewe unasugua vikombe na mimi nimebana kioo changu jichoni, na nilifikiri sasa nitasema. Nilijua hata maneno. Nikafungua mdomo nikakuuliza kama Wazaramo wanaoga mvua inaponyesha au wanangoja iishe. Ukajibu. Na kila nilipokuwa naondoka jioni nilijiambia kesho. Sikuwa na sababu ya kuchelewa, nilikuwa na aibu tu, na aibu ikikaa ndani ya mtu muda mrefu inajifanya mwenyeji.

Ulipougua hukuchukua muda. Nilikuja kukuona, chumba kimejaa watu, shehe anasoma pembeni, na wewe macho yamekwisha kuwa mazito. Uliponiona uliinua kidole. Walioko chumbani wakanitazama, wakingoja. Wanajua mtani akiingia kwa mgonjwa lazima aseme. Nikasema, "Umelala mchana tena, kama saa yako." Wakacheka kwa huzuni, na wewe ukatabasamu. Ndilo neno la mwisho nililokwambia. Nalikumbuka nikiwa nakula, nikiwa kanisani, nikiwa nimeshika saa ya mtu.

Nikachimba kaburi lako pamoja na watani wengine, Wasukuma na Wangoni wa Keko. Nikaingia ndani nikajilaza, nikasema siondoki mpaka wafiwa wanilipe, kama inavyotakiwa. Mkeo Bi Mwanaidi aliletewa habari akacheka kwenye mkeka wake. Kazi yangu niliifanya vizuri siku ile, watu walinisifu.

Siku ya tatu, watu walipokusanyika mgahawani baada ya dua, wakaniita nivae nguo zako nikuigize, ili wakuone mara ya mwisho. Bi Mwanaidi mwenyewe alinitolea kanzu ile ya Ijumaa na kofia. Kanzu ilinifika kisiginoni. Nikashika dele, nikashika vikombe, nikavigonganisha kama ulivyofanya wewe, nikazunguka kwa mwendo wako wa kuvuta mguu. Nikamwambia huyu saa yako inakohoa, nikamwambia yule benchi si kitanda. Walicheka mpaka machozi. Hata mdogo wako aliyekuja kutoka Maneromango alicheka. Nikafika mezani kwangu dirishani. Kiti kilikuwa kitupu, kwa kuwa mwenye kukikalia alikuwa ndani ya kanzu yako.

Wakangoja wewe umtukane Mnyamwezi wako. Nilitafuta sauti yako sikuipata. Niliangalia kile kiti na nikaona mtu ameketi na saa yake nzima mkononi, akijifanya ana kazi. Na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Haukuwa utani, mtani. Siku ile haukuwa utani."

Mwanzoni walicheka. Kisha wakaona mabega yangu, wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Nililia kama mtoto, kahawa ikinimwagikia miguuni. Mtani halii msibani, hakuna aliyepata kuliona jambo hilo. Wangoni walinipeleka nje wakanihukumu kwa kuharibu matanga, nikalipa jogoo mwekundu, na mpaka leo nikipita Keko wananielekezea kidole.

Naona aibu, sitakuficha. Lakini aibu ya Keko ni nyepesi, naibeba. Nisiyoweza kuitua ni hii nyingine. Uliniuliza nikiwa mbele yako, masikio yako yakisikia, na jibu nimekuja kulitoa nikiwa nimevaa kanzu yako.

Nakuaga hapa, mtani. Sikutukani leo.

Ni mimi,
Mnyamwezi wako.